Bastola ndogo si ngao: Swali linalowakabili wakazi wa Kitengela na Kajiado

MWENYE duka mjini Kitengela hufunga mlango jioni huku akitazama nyuma. Mfugaji anayetoka mnadani Bissil akiwa na bei ya ng'ombe watano mfukoni hutazama nyuma pia, sawa na mkazi aliyejenga nyumba ya kwanza katika uwanda ambao bado hauna taa wala jirani.

Ni katika mazingira hayo ambapo baadhi ya wenye uwezo katika Kaunti ya Kajiado huwazia kumiliki bastola kwa njia halali. Aghalabu mazungumzo yao huanzia mwisho: ni bastola gani iliyo ndogo kiasi cha kufichika chini ya koti, nyepesi kiasi cha kutochosha kiuno, na yenye risasi za kutosha endapo majambazi watakuwa zaidi ya mmoja?

Swali hilo si la kipuuzi. Hata hivyo, linastahili kuulizwa baada ya mengine kadhaa kujibiwa. Kabla yake kuna suala la sheria, suala la tabia ya mbebaji, la nyumba anamoishi na la mahali anapokwenda kila siku. Anayeanza na aina ya bastola hupata chuma tu, na kuyaacha kando mambo yanayoamua iwapo chuma hicho kitamwokoa au kitamwangamiza.

Mji uliokua upesi

Chimbuko la hofu hii si gumu kulielewa. Kitengela, takriban kilomita 30 kusini mwa Nairobi, ilikuwa kituo kidogo katika ardhi ya malisho ya Wamaasai. Baada ya eneo la viwanda vya kuuza bidhaa nje, EPZ, kuanzishwa karibu na Athi River mnamo 1990, wafanyakazi walimiminika kutafuta nyumba za kupanga. Mashamba yakakatwa ploti za futi 50 kwa 100, na ua wa senyenge ukafuatwa na ukuta wa mawe.

Sensa ya 2019 ilionyesha kuwa kaunti nzima ilikuwa na watu 1,117,840, na Kitengela pekee ilikuwa na zaidi ya 150,000. Katika mitaa mingi mipya, nyumba zilitangulia na barabara, taa na vituo vya polisi vikafuata polepole.

Ukiacha Kitengela na kushika barabara kuu ya Namanga, unapita Isinya kabla ya kufika mjini Kajiado, kisha Bissil. Hii ni njia ya malori ya mizigo kutoka Tanzania, na pia njia ya wanunuzi wa mifugo. Ingawa M-Pesa imekuwapo tangu Machi 2007, wapo wauzaji wa mifugo wanaotaka kuziona noti na kuzihesabu kwa mikono yao. Mwenye noti nyingi katika barabara ndefu ni windo, naye anajua.

Kuna pia hofu ya aina nyingine ambayo haipo katika miji mingi. Kitengela inapakana na uwanda ambao wanyamapori hutumia wanapotoka Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi. Mnamo Juni 2012, simba sita waliuawa na wakazi wa eneo hilo baada ya kuvamia mifugo. Anayedhani bastola ya kiunoni ni jibu kwa simba aliye zizini amekosea. Risasi ya bastola ya kawaida humjeruhi mnyama huyo na kumfanya hatari zaidi. Kazi hiyo ni ya maafisa wa Shirika la Wanyamapori (KWS), na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inaweka utaratibu wa fidia.

Kibali kabla ya silaha

Wengi wanaozungumzia bastola hutumia lugha waliyoisikia katika filamu za Marekani. Huko, haki ya raia kumiliki silaha iliingizwa katika katiba mnamo 1791. Kenya haina kifungu kama hicho. Katiba ya 2010 haimpi raia yeyote haki ya kumiliki bunduki. Anachoweza kupata ni kibali, nacho hutolewa kwa masharti na chaweza kutwaliwa.

Sheria ya Silaha, Sura ya 114, ilitungwa mnamo 1953, wakati serikali ya kikoloni ilikuwa imetangaza hali ya hatari. Msingi wake haujabadilika sana. Mwombaji sharti aonyeshe kuwa ana sababu nzuri ya kuhitaji silaha na kwamba kumruhusu hakutahatarisha usalama wa umma. Sheria inakataza kibali kutolewa kwa mtu mwenye mazoea ya ulevi, asiye na akili timamu, au asiyefaa kukabidhiwa silaha kwa sababu nyingine yoyote.

Marekebisho ya sheria za usalama ya 2014 yaliunda Bodi ya Utoaji Leseni za Silaha. Ombi la mkazi wa Kitengela huanzia kwa polisi wa eneo lake, hupitia kwa wapelelezi, na kufika mbele ya bodi hiyo likiambatana na cheti cha tabia njema na uthibitisho kuwa anaweza kuitumia silaha.

Mnamo Desemba 2018, aliyekuwa Waziri wa Usalama wa Ndani, Dkt Fred Matiang'i, aliagiza wamiliki wote wa silaha wakaguliwe upya katika muda wa siku 90. Agizo hilo lilitokana na malalamiko kuwa bastola zilikuwa zimefika mikononi mwa watu wasiofaa, wakiwemo waliozionyesha hadharani ili kutisha wenzao. Funzo la zoezi hilo lilikuwa wazi: aliyepewa kibali jana anaweza kuulizwa leo kwa nini bado anakihitaji.

Jambo jingine ambalo wengi hawalitambui ni kuwa cheti hakitolewi kwa bunduki yoyote ile. Hutaja silaha mahususi na kiasi cha risasi ambacho mwenyewe anaruhusiwa kuwa nacho. Kwa hivyo kosa la uchaguzi si kama kosa la kununua viatu visivyotosha. Kuibadilisha bastola ni kurudi tena mbele ya wakuu.

Udogo una gharama yake

Ombi likikubaliwa, ndipo uchaguzi wenyewe huwa na maana. Bastola nyingi zinazobebwa na raia siku hizi ni zile zinazojipakia risasi zenyewe baada ya kila mfyatuo, za kipenyo cha milimita tisa. Miongoni mwa majina yanayosikika Kenya ni Glock ya Austria na CZ ya Jamhuri ya Cheki, ambayo wengi wameizoea kwa jina Ceska.

Historia ya Glock inaonyesha jinsi bastola zilivyopunguzwa ukubwa. Modeli ya 17, iliyoanza kutumiwa na jeshi la Austria mnamo 1982, ina mtutu wa milimita 114 na magazini ya risasi 17. Modeli ya 19, iliyokuja baadaye, ina mtutu wa milimita 102 na risasi 15. Ya 26 ina mtutu wa takriban milimita 87 na risasi 10. Kisha mnamo 2015 ikaja modeli ya 43, iliyo nyembamba zaidi, na ambayo magazini yake ya kawaida ina risasi sita tu.

Mnunuzi akiiona ile iliyo ndogo kuliko zote huvutiwa, kwani inafichika hata chini ya shati jepesi. Lakini kila kinachopunguzwa hulipiwa mahali pengine.

Bastola nyepesi hurudi nyuma kwa nguvu zaidi mkononi inapofyatuliwa, kwa sababu risasi ni ile ile ilhali chuma cha kuizuia ni kidogo. Mpini mfupi humwacha mwenye kiganja kikubwa akishikilia kwa vidole viwili. Mtutu mfupi hufanya kosa dogo la kulenga kuwa kosa kubwa shabaha inapokuwa mbali. Kwa mwanafunzi, bastola ndogo ndiyo ngumu zaidi kujifunzia, kinyume na wanavyodhani wengi wanaoinunua kwa kuwa inaonekana rahisi.

Ndiyo sababu bastola za wastani, za ukubwa wa Glock 19 au za kundi lake kutoka CZ, zimekuwa chaguo la wengi. Uzani wa Glock 19 bila risasi ni takriban gramu 600. Inafichika chini ya koti au shati lililoachwa nje, na bado inakaa mkononi. Lakini anayevaa shati lililochomekwa ofisini kila siku atapata shida nayo, na huenda akaishia kuiacha kabatini, mahali ambapo haitamsaidia barabarani.

Suala la usalama wa bastola yenyewe linahitaji uangalifu pia. Glock za kawaida hazina kile kitufe cha pembeni cha kuzuia risasi isitoke, ambacho baadhi ya bastola za CZ huwa nacho. Vizuizi vyake vimo ndani, na kimojawapo kimo kwenye kifyatulio chenyewe. Maana yake ni kuwa kidole, ncha ya shati au ufunguo ukibonyeza kifyatulio, risasi hutoka. Bastola kama hiyo haifai kutumbukizwa mfukoni pamoja na simu na funguo, wala kuchomekwa kiunoni bila ala. Inahitaji ala ngumu inayofunika kifyatulio chote na isiyolegea mbebaji anapokimbia au kuinama.

Kwa wanawake, ushauri wa kubeba bastola mkobani husikika mara nyingi. Lakini mkoba ndicho kitu cha kwanza kunyakuliwa na wezi wa pikipiki. Anayepoteza mkoba wenye bastola hupoteza pesa na simu, na papo hapo humpa mwizi silaha.

Siku moja na bastola

Mfano wa siku ya kawaida utafafanua. Mfanyabiashara anatoka Kitengela saa kumi na mbili asubuhi kwenda Nairobi. Garini, mkanda wa usalama unapita juu ya kiuno pale pale ilipo bastola. Akivamiwa kwenye msongamano wa Mlolongo, kuifikia si jambo la sekunde moja.

Akifika mjini, anapitia mitambo ya kukagua chuma katika benki, mahakama, hospitali na maduka makubwa. Mahali pengi hataruhusiwa kuingia na silaha. Je, ataiacha wapi? Akiiacha garini, ameiacha katika kisanduku cha plastiki na kioo ambacho mwizi hukivunja kwa jiwe. Jioni akialikwa nyama choma na bia, sheria inamtaka achague, kwa kuwa kulewa au kuleta fujo huku umebeba silaha ni kosa.

Maswali haya hayajibiwi na muuzaji wa bunduki. Mbebaji ndiye anayepaswa kuwa na majibu kabla ya kuijaza fomu, maana bastola inayobebwa kihalali huandamana na mwenyewe kila aendako na kumbadilishia mwenendo wa maisha.

Inaokoa au haiokoi?

Ipo mifano ya bastola za raia kuokoa maisha, na haifai kuipuuza. Magaidi waliposhambulia jumba la Westgate jijini Nairobi mnamo Septemba 21, 2013 na kuua watu 67, raia kadhaa wenye leseni waliingia ndani wakiwa na bastola zao na kuwatoa waliokuwa wamenaswa. Miongoni mwao alikuwa Abdul Haji, ambaye baadaye alichaguliwa seneta wa Garissa. Wengi waliotoka salama siku hiyo wanawashukuru watu hao hadi leo.

Lakini mashambulizi ya saa nyingi ndani ya jumba kubwa hayafanani na wizi wa langoni. Mnamo Aprili 30, 2025, Mbunge wa Kasipul, Charles Ong'ondo Were, aliuawa akiwa ndani ya gari lake katika Barabara ya Ngong, Nairobi. Muuaji alishuka kutoka kwenye pikipiki, akakaribia gari, akafyatua risasi na kutoweka. Shambulio la namna hiyo humalizika kabla ya anayelengwa kutambua kuwa limeanza.

Wavamizi wa langoni Kitengela hutumia mbinu iyo hiyo ya kushtukiza. Wao ndio huchagua saa na mahali, na mara nyingi si mmoja. Mwenye bastola anayejaribu kuichomoa huku mtutu ukiwa tayari umemwelekea huenda akageuza wizi wa simu kuwa mauaji.

Hata anayefaulu kufyatua bado ana kesi mbele yake. Kanuni ya Adhabu, katika kifungu cha 17, inaipima haki ya kujikinga kwa misingi ya sheria ya kimila ya Uingereza, ambayo hutaka nguvu inayotumika iwe ya lazima na ilingane na hatari. Kumpiga risasi mwizi wa ng'ombe anayekimbia na kuitetea hatua hiyo kuwa ni kujikinga ni jambo gumu mbele ya hakimu. Isitoshe, katika vyumba vya kupanga vilivyosongamana, risasi iliyomkosa mwizi haisimami kwenye mabati. Huendelea hadi kwa jirani.

Hatari iliyo ndani ya nyumba

Waswahili husema kikulacho ki nguoni mwako. Methali hii huambiwa watu kuhusu marafiki wabaya, lakini yafaa pia kuhusu kilichofichwa chini ya koti.

Mnamo Januari 2020, mcheza santuri alipigwa risasi shingoni katika klabu moja mtaani Kilimani, Nairobi, na akaachwa na majeraha yaliyobadilisha maisha yake. Mbunge aliyeshtakiwa aliondolewa na mahakama shtaka la kuleta fujo akiwa na silaha mnamo Desemba 2023. Bila kujali mkondo wa kesi, tukio lenyewe liliwakumbusha Wakenya umbali mfupi uliopo kati ya starehe na msiba pale bastola inapokuwa karibu na chupa.

Mwaka uliofuata, mnamo Desemba 2021, afisa wa polisi aliwaua watu kadhaa katika eneo la Kabete, akiwemo mkewe, kabla ya kujiua. Huyo alikuwa amefunzwa na alikuwa chini ya nidhamu ya kikosi. Raia aliye na madeni, ndoa yenye ugomvi au huzuni asiyomwambia mtu hana hata kikosi cha kumwangalia. Silaha iliyo karibu huufanya uamuzi wa dakika moja usiweze kurekebishwa.

Watoto nao hawajui tofauti ya bastola na kichezeo. Sheria inamtaka mwenye cheti aihifadhi silaha yake mahali salama. Katika nyumba ya Kitengela au Kajiado, hilo lina maana ya sanduku la chuma lililofungwa kwa nati ukutani au sakafuni, na ufunguo usiojulikana na mtu mwingine. Mtu asiye tayari kununua sanduku hilo hayuko tayari kununua bastola.

Rundo la Ngong

Kuna upande mwingine wa habari hii, nao umo ndani ya kaunti iyo hiyo. Mnamo Novemba 2016, zaidi ya bunduki 5,000 haramu ziliteketezwa Ngong. Juni 2021, Rais Uhuru Kenyatta aliongoza uteketezaji wa nyingine zaidi ya 5,000 papo hapo Ngong. Makadirio ya shirika la Small Arms Survey la Geneva, yaliyotolewa mnamo 2018, yalisema bunduki zilizokuwa mikononi mwa raia wa Kenya zilikuwa takriban 750,000, na kwamba zilizosajiliwa zilikuwa zaidi kidogo ya 8,000.

Takwimu hizo zinaweza kusomwa kwa njia mbili. Anayetaka leseni atasema: majambazi wana silaha, mbona mimi nikatazwe? Hoja hiyo ina uzito, na serikali isiyoweza kuwalinda raia wake haina budi kuisikiliza.

Lakini takwimu hizo hizo zinatoa onyo. Silaha haramu haikuzaliwa haramu. Ilitengenezwa kiwandani na kuuzwa kihalali mahali fulani, kisha ikaibwa, ikapotea au ikauzwa kwa siri. Kila bastola inayonyakuliwa garini Kitengela au inayopokonywa mfugaji njiani Bissil hutoka katika hesabu ya 8,000 na kuingia katika ile nyingine. Jambazi hahitaji leseni, na bastola ndogo inayofichika humfaa yeye kama ilivyomfaa mwenyewe.

Swali la mwisho

Hatua nyingine zinazopunguza hatari si za kusisimua, lakini zinajulikana. Mfanyabiashara anaweza kupeleka mauzo benki mchana au kulipwa kwa simu. Wauzaji wa mifugo wanaweza kusafiri kwa makundi. Majirani wanaweza kuchangia taa za barabarani na mlinzi, na kuufufua mpango wa Nyumba Kumi ulioanzishwa mnamo 2013 pale ulipolala. Serikali ya kitaifa nayo ina wajibu wa kuweka vituo vya polisi mahali watu walikohamia.

Wapo watakaobaki na sababu ya kweli hata baada ya hayo yote: aliyetishiwa maisha, anayesafirisha mali ya thamani, anayeishi mbali na msaada. Sheria imewaachia mlango. Kwao, uchaguzi wa bastola hatimaye huwa rahisi kuliko walivyodhani. Inayofaa ni ile inayokaa vizuri kiganjani, ambayo mwenyewe ameifanyia mazoezi uwanjani mara nyingi kabla ya kuilipia, inayofichika katika nguo anazovaa kila siku, na ambayo ana ala yake na sanduku lake la chuma.

Asiyeweza kusema ataiweka wapi usiku, ataiacha wapi akienda benki, na atafanya nini akiwa amekasirika, bado hajafika kwenye swali la aina. Heri ajibu hayo akiwa na mikono mitupu kuliko kuyajibu mbele ya hakimu, au mbele ya jeneza.